Honi Kwenye Bomba la Gesi

Jumatatu, 30 Oktoba

Leo mstarini mkuu wa shule amemwita mama yangu mwizi bila kulitaja neno lenyewe. Naandika huku nyuma ya daftari la fizikia kwa sababu nikitaka kulisema jambo hili kwa mdomo, machozi yanatangulia.

Alisema hivi: "Kuna mtu jikoni anakaanga mandazi ya biashara kwa gesi yenu." Halafu akanyamaza, ili kila mtu apate nafasi ya kugeuka na kuniangalia. Anayeuza mandazi shuleni ni mpishi mmoja tu, na mpishi huyo ni mama.

Mandazi hayo mama anayakaanga nyumbani, kwa kuni, kabla hakujapambazuka. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayepuliza moto. Ningeweza kunyoosha mkono na kusema hivyo. Nilikuwa mstari wa pili. Niliangalia viatu vyangu mpaka tukaruhusiwa kwenda darasani.

Jumanne, 31 Oktoba

Gesi imekatika kabla uji haujachemka. Wasichana wa kidato cha tatu tumetumwa kuni wakati wa kipindi cha kemia. Wavulana wamebaki wanasoma kemia.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua tangu asubuhi.

Nataka kulieleza jambo hili vizuri, kwa utaratibu, kama jaribio la maabara, ili hasira isinivuruge. Hapa Kiruruma shule yetu inapika kwa gesi ya samadi. Kinyesi cha ng'ombe wa shule tunakikoroga na maji, tunakimimina kwenye shimo lililofunikwa kwa kuba la saruji, kinachacha humo, na gesi inasafiri ndani ya bomba hadi jikoni. Bomba moja dogo linachepuka kwenda nyumba ya mkuu, ambayo iko karibu na shimo. Linaitwa bomba la chai ya walimu. Usiku jikoni kukiwa kumefungwa, kuba linajaa. Asubuhi moto unatoka wa bluu, wenye nguvu, unapika uji na baadaye makande ya mchana.

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu mvua zianze, asubuhi kuba liko nusu tupu. Gesi inapotea usiku, koki ya jikoni ikiwa imefungwa na ufunguo wa jikoni uko shingoni mwa mama.

Mkuu, Mwalimu Yustus, amempa mama muda hadi kikao cha bodi, Jumamosi ya tarehe 25. Gesi ikiwa bado inapotea, ataletwa mpishi mwingine. Mama alinieleza hayo huku anamenya ndizi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Baba yuko Kyerwa kwenye machimbo ya bati na habari zake tunazisikia kwa watu. Jiko la shule ndilo linalotuweka mjini, kama mama anavyopenda kusema, ingawa hapa si mjini.

Wavulana wamenipa jina. Binti Gesi. Nikipita mmoja anasema, "Zimeni viberiti."

Ijumaa, 3 Novemba

Nimesoma sura ya semikondakta yote. Kitabu ni cha Kiingereza, hivyo nimejitafsiria pembeni kwa penseli. Silikoni inaweza kukatwa ikawa ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hewa ikiisukuma inajipinda kidogo, na ikijipinda umeme unapita ndani yake kwa namna nyingine. Ukipima umeme, umepima msukumo wa hewa. Haina macho wala haina upande.

Kama msukumo wa gesi ungepimwa wakati jikoni kumefungwa, mama asingehitaji mtu wa kumtetea.

Nilishindwa kumuuliza Mwalimu Cassian mbele ya darasa, nikamwandikia kikaratasi. Yeye anatufundisha fizikia kwa kujitolea, anasubiri ajira. Alikisoma, akakikunja, akaniambia kwamba kitu ninachokitaka kimo ndani ya kila mashine ya kupimia shinikizo la damu, zile za kisasa zenye namba. Kisha akaangalia mlangoni. "Ukiulizwa, umesoma mwenyewe kitabuni. Jina langu usilitaje."

Kweli nimesoma mwenyewe kitabuni. Lakini alivyosema vile nilimdharau.

Jumamosi, 4 Novemba

Bibi anayo mashine ya namna hiyo, imekufa tangu mwaka jana. Nilimwomba niifungue. Akasema, "Ichukue. Ilinitisha kila asubuhi bure. Sasa ikamtishe mkuu wenu."

Kipande chenyewe ni kidogo kama punje ya hindi, kina kijipua kimoja cha kuingizia mpira na tundu dogo mgongoni, dogo kama la sindano. Kitu cha ajabu kukishika. Nilisahau kukasirika kwa mchana mzima.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Kuni mbichi. Macho ya mama ni mekundu kwa moshi, na wamechukua hilo kuwa dalili ya hatia.

Jumamosi, 11 Novemba

Kinafanya kazi!

Nimekijaribu kwa mpira mrefu unaopitisha mwanga, niliojaza maji ya rangi. Ninapoinua maji upande mmoja, msukumo unaongezeka na sindano ya mita ya umeme aliyoniazima Mwalimu Cassian inapanda. Ninaposhusha, inashuka. Kutoka redio mbovu nimepata vipande vya kukuza ule umeme mdogo, na transista moja inayofanya kazi ya swichi. Msukumo ukishuka chini ya alama niliyoiweka, transista inafungua njia na honi inalia.

Honi na betri vimetoka kwa binamu yangu Lameck, mwendesha bodaboda. Alinikabidhi kwa heshima kubwa. "Honi hii imefukuza mbuzi wote kuanzia hapa hadi Nyabiyonza. Mwizi mmoja atakuwa kazi ndogo." Nilicheka. Nadhani ni mara ya kwanza mwezi huu.

Senene, wale panzi wa kuliwa wa msimu wa mvua, zimeanza kushuka kwa wingi. Jana jioni Mwalimu Yustus aligawa senene kwa walimu wote na wapishi, na mama akarudi na bakuli limejaa. Tulizikaanga kwa chumvi na kitunguu. Bibi alizipokea kwa mikono miwili akatusimulia tena kwamba enzi za mama yake wanawake ndio waliotoka alfajiri kukamata senene kwenye majani yenye umande, wakazinyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikachubuka, na hawakuruhusiwa kuonja hata moja. Zilikuwa za wanaume. Mwanamke alipewa nguo mpya kama shukrani, mume akiwa mwema. "Na akiwa si mwema?" niliuliza. Bibi akasema, "Alimshukuru kwa kutompiga."

Nilikula nyingi. Nilifikiri labda mkuu ametulia, na bakuli ni namna yake ya kutuomba radhi.

Jumanne, 14 Novemba

Leo baada ya masomo nimefunga kifaa changu kwenye bomba la jikoni, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mama ameruhusu. Ukuta unavuja, nikaogopa maji, kwa hiyo kila tundu nimeliziba kwa nta, hata lile la mgongoni mwa kipande. Nilidhani ni kasoro ya kiwandani.

Alhamisi, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Kifaa nilikiwasha leo asubuhi kwa mara ya kwanza, na saa ya hisabati honi imelia. Mchana kweupe. Ililia bila kukoma, sauti ya pikipiki iliyokwama tope, na darasa zima likageuka kwangu kwa pamoja. Kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa chumba cha pili. Nilikimbia. Nilipofika jikoni mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi mbele ya sufuria la makande lililopikwa kwa kuni, koki imefungwa, ufunguo wa koki umening'inia ukutani. Hakuna aliyegusa gesi. Msukumo ulikuwa mzuri kwa ushahidi wa mpira wa maji niliouacha pale. Kifaa changu kilikuwa kinasema uongo.

Mwalimu Yustus aliingia nyuma yangu, na nyuma yake walimu wanne, na Mwalimu Cassian akiwemo. Alinyoosha mkono akang'oa waya wa betri. Honi ikakatika. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa subira:

"Mnaona? Hata mashine ya mtoto wake mwenyewe inamshtaki."

Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Nilimtazama Mwalimu Cassian. Alijua kwamba chombo kinaweza kukosea, alijua ni nini cha kukagua, angeweza kusema neno moja. Alikuwa anafuta chaki kwenye kidole chake.

Mama akasema, "Samahani, Mkuu. Ni mtoto." Na hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko. Ananiombea radhi mimi, kwa mtu anayemwita yeye mwizi.

Nimemkasirikia mkuu. Nimemkasirikia Mwalimu Cassian. Nimemkasirikia mama kwa kusema samahani, na mimi mwenyewe kwa sababu nilitaka kumwokoa nikampeleka karibu zaidi na shimo. Bibi ameniita kula mara mbili. Sili.

Ijumaa, 17 Novemba

"Binti Gesi, piga honi." Siku nzima.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimegundua. Lile tundu la mgongoni si kasoro. Ndilo pua ya kifaa. Ngozi ya silikoni inapima gesi ya upande mmoja kwa kuilinganisha na hewa ya nje ya upande wa pili, na hewa ya nje inaingilia kwenye tundu hilo. Mimi nililiziba kwa nta. Hewa ikanaswa ndani, kopo likapata joto la moto wa kuni, hewa ile ikavimba na kuisukuma ngozi kutoka nyuma, na kifaa kikaona kama gesi imepungua.

Kiliambiwa uongo na mimi, kikausema. Chenyewe hakikuwa na kosa.

Nimetoa nta yote kwa sindano ya Bibi. Nimetoboa kopo upande wa chini ili hewa ipite lakini mvua isiingie, na nitalihamishia ukuta wa mbali na mafiga.

Jumatano, 22 Novemba

Kifaa kimenyamaza siku tatu kila kinapotakiwa kunyamaza. Nakiwasha mchana tu, kuba likiwa limejaa, kwa majaribio; jioni nakizima kuokoa betri mpaka siku ya kikao. Hakuna anayejali.

Leo tulitumwa kuni tena, na nikakata njia nyuma ya nyumba ya mkuu. Kuna mabati yamesimamishwa kwa kuegemezwa, na chini ya kila bati pipa. Huo ni mtego wa senene, kila mtu anaujua: taa kali inazivuta, zinagonga bati, zinateleza ndani ya pipa. Wenye mitego mikubwa wanatumia umeme. Umeme wetu msimu huu wa mvua unakatika kila jioni. Nikajiuliza anatumia taa gani.

Juu ya nguzo kulikuwa na taa nne za gesi, zile za utambi wa kitambaa cheupe. Kutoka kila taa mpira mweusi ulishuka, mipira yote ikakutana, na mmoja mnene ukaingia dirishani kwake, upande wa bomba la chai ya walimu. Ardhi yote ilikuwa imefunikwa mabawa ya senene.

Niliacha kuni zangu palepale.

Gesi yetu imewaka pale kila jioni tangu mvua zianze, hata kabla senene hazijawa nyingi. Kisha akazigawa. Walimu wote wamekula. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Kahigi, alipelekewa ndoo nzima, Lameck ndiye aliyeibeba. Mimi nimekula, nikailamba chumvi vidoleni.

Nilimwambia mama nikiwa nahema. Hakushangaa. Aliendelea kupepeta maharage.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Bomba linapita mbele ya macho yangu, mwanangu. Nimwambie nani? Malalamiko yote yanapelekwa kwake."

Nikamwambia basi tuwaambie walimu. Akanijibu kwamba mtu aliyekula kwenye sahani ya mwenzake hasimami kumshtaki, hasa sahani ikiwa tamu. Nilitoka nje nikakaa migombani kwenye matone. Nilidhani mama ni mnyonge. Sasa sijui. Alijua yote haya na kila asubuhi alimwamkia yule mtu, akamkorogea uji, akaninunulia daftari hili.

Lakini honi haijala senene.

Jumamosi, 25 Novemba

Nitaandika yote, hata kama wino utaisha.

Leo shule haikupika, kwa hiyo kufikia mchana kuba lilikuwa limejaa kabisa. Nilikagua kwa mpira wa maji, nikaweka alama ya kifaa chini kidogo tu ya pale, nikawasha. Mama akafunga koki, akafunga jiko. Kikao kilikuwa kianze saa nane. Gari la Mzee Kahigi lilikwama kwenye tope, na wajumbe walipoketi chumba cha walimu ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Tulileta chai kutoka nyumbani katika chupa. Mimi niligawa vikombe, nikabaki kona ya mlango na sinia, na hakuna aliyenifukuza kwa sababu hakuna aliyeniona.

Mwalimu Yustus aliongea muda mrefu. Alisema anamheshimu mama. Alisema wapishi wa siku hizi wana tamaa. Mzee Kahigi akamuuliza mama kama ana neno. Mama alivua kamba shingoni, akauweka ufunguo wa jiko juu ya meza, na ule wa koki pembeni yake.

"Sina neno, Mwenyekiti. Funguo ni hizi."

Nje giza lilianza kuingia. Mjumbe mmoja alikuwa anasoma hesabu ya kuni. Nilikuwa nasikiliza mvua ikipungua, yale manyunyu yanayopendwa na senene, na niliomba Mungu, naona haya kuandika hivi, niliomba mtu aibe.

Honi ikalia.

Mwalimu Yustus alikuwa wa kwanza kusimama. "Si mnasikia? Hata sasa hivi gesi inaibwa!"

Mzee Kahigi alitazama funguo mezani. Akamtazama mama aliyekaa kwenye benchi, mikono mapajani. "Inaibwa na nani, Mwalimu? Huyu si yupo hapa?"

"Basi ni kile kidude kimeharibika. Juzi kililia bure, walimu ni mashahidi."

Mwalimu mmoja akapuliza chai iliyokwisha poa. Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu Cassian, nyembamba, kama ya mwanafunzi anayejibu swali asilo na hakika nalo. Alisema kilikuwa na kosa, kosa limerekebishwa, na yeye mwenyewe amekikagua jana. Sikujua kwamba amekikagua. Alipomaliza aliketi haraka.

Mzee Kahigi akauliza kama gesi haitoki jikoni inatoka wapi. Aliuliza chumba kizima, na chumba kizima kilikuwa kinajua, nikaona kinavyojua, watu wazima wote wale wakiangalia vikombe vyao. Nilitua sinia.

"Bomba la chai ya walimu," nilisema. "Shikamoo, Mzee. Liko nyuma ya nyumba ya Mkuu."

Niliamkia katikati ya sentensi. Lameck angecheka. Lakini nilisema.

Walitoka wote. Kijana anayemsaidia mkuu kazi za nyumbani alikuwa amewasha taa kama kila jioni, hakuna aliyemwambia asiwashe. Taa nne nyeupe, mabati yanang'aa, na senene zinashuka kwenye manyunyu kwa maelfu, zinagonga bati, zinaingia mapipani. Lilikuwa jambo zuri kutazama. Nilichukia kwamba ni zuri. Huko jikoni honi iliendelea kulia.

Mzee Kahigi alisimama pale mpaka senene moja ikatua begani mwake. Aliitoa kwa vidole viwili, akaiangalia.

"Kumbe zile za ndoo zilikuwa za taa hizi," alisema.

"Mzee, ni matumizi madogo tu," alisema Mwalimu Yustus.

Nilingoja. Nilidhani sasa yatasemwa. Nilidhani mtu atamgeukia mama na kumwambia tumekukosea. Mzee Kahigi akasema mvua inarudi, tuingie ndani. Ndani akasema taa zizimwe, mpishi aendelee na kazi yake, na mambo mengine tusiyakuze, sisi sote ni familia moja. Wakafunga kikao kwa sala.

Mama alichukua funguo zake mezani akazivaa.

Jumatatu, 27 Novemba

Asubuhi moto wa bluu. Uji umeiva mapema.

Mstarini mkuu ametangaza kwamba shule yetu, chini ya uongozi wake, imebuni kifaa cha kulinda gesi, nacho kitapelekwa kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya. Akasema tuwapigie makofi vijana wetu wa sayansi. Hakutaja jina. Wavulana walipiga makofi, wengine wakiniangalia, na hakuna aliyesema Binti Gesi.

Mchana niliingia jikoni nikafungua kopo, nikang'oa kipande cha silikoni, nikakitia mfukoni. Waende kwenye maonyesho na kopo la maziwa.

Mama aliniona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na senene za mwakani?"

Nikakirudisha mahali pake, nikakaza kila waya. Kitabaki ukutani mwao, kwa jina lao, kwa sababu bila hicho mama ana funguo mbili tu na mdomo usiosikilizwa. Sijawahi kufanya kazi safi hivyo nikiwa na hasira hivyo.

Jumanne, 28 Novemba

Jioni Lameck amepiga breki mlangoni na beseni kutoka kwa mkuu, limefunikwa kitambaa. Senene, zimekwisha kunyonyolewa, nyingi kuliko za mara ya kwanza. Nikamuuliza ametumwa na neno gani. "Hakuna neno, mdogo wangu. Beseni tu, na alitaka nirudi na beseni."

Nikasema tuzimwage migombani. Nilisema kwa sauti, mpaka Bibi akatoka chumbani. Nikasema ni uchafu, ni mpango wake uleule, tukila tumenyamazishwa kama wengine wote.

Mama aliweka sufuria motoni. Alikata kitunguu. Zilipoanza kutoa mafuta yake na nyumba ikajaa harufu, alipakua sahani ya Bibi kwanza, kisha yake, kisha akanisukumia yangu.

"Kula," alisema. "Ni gesi yetu hiyo."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Walikula wote wawili bila kunitazama, polepole, kama watu waliorudishiwa kitu chao.

Nikala. Zilikuwa tamu. Hilo nalo sitamsamehe mkuu.